Mashine ya zamani ya kukata nyasi ya kukalia: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Mashine hizi hudumu kuliko watu wanavyozidhania. Nyingi zinazotupwa hazijafa kwa uzee. Zimeuawa na kubahatisha: mkanda wa urefu usio wake, kabureta ya injini nyingine, oili yoyote iliyopatikana. Ndiyo maana maswali ya kwanza hapa ni ya nambari, na ya spana yanafuata.

Nimepata mashine ya zamani na sijui ni ya aina gani. Nianzie wapi?

Anza na lebo ya mashine yenyewe, si ya injini. Inua kiti, tazama bati lililo chini yake. Hapo ndipo viwanda vingi vilipoibandika. Ukiikosa, tazama nyuma, juu ya kipande cha kufungia tela, kisha kwenye fremu karibu na mahali pa kuwekea miguu, kisha chini ya boneti. Inaweza kuwa karatasi iliyogandishwa, kibati kilichopigiliwa ribiti, au nambari zilizogongwa kwenye chuma.

Usiisugue kwa petroli wala kwa brashi ya waya. Petroli hufuta wino wa lebo, na ukishafutika haurudi. Tumia maji ya sabuni na kitambaa laini, taratibu. Nambari zilizogongwa kwenye chuma na kuzibwa na rangi au kutu huonekana vizuri gizani: mulika tochi kutoka ubavuni ili kila mchoro utoe kivuli chake. Njia nyingine ni kuweka karatasi nyembamba juu yake na kuisugua kwa ubavu wa penseli.

Ukiipata, piga picha, kisha iandike kwa rangi ya mafuta chini ya boneti. Iandike yote, pamoja na nukta, vistari na herufi. Herufi moja ya mwisho inaweza kuwa ndiyo inayotofautisha mkanda wa mwaka huu na wa mwaka uliofuata.

Lebo imeng'oka kabisa. Bado naweza kuitambua?

Mara nyingi ndiyo, ila utalazimika kukusanya ushahidi kidogo kidogo.

Rangi ni dalili ya kwanza. Kijani chenye ringi za njano humwelekeza mtu kwa John Deere, iliyoanza kuuza trekta za bustani mwaka 1963 kwa modeli ya 110. Njano na nyeupe ni za Cub Cadet. Nyekundu inaweza kuwa Wheel Horse, Snapper au nyingine kadhaa. Lakini rangi hupakwa upya, kwa hiyo chunguza pale ambapo brashi ya mtu wa pili haifiki: nyuma ya dashibodi, chini ya tangi, ndani ya matundu ya fremu.

Jina la kwenye boneti nalo lisikutoshe. Cub Cadet ilianza mwaka 1961 mikononi mwa International Harvester, na mwaka 1981 ikahamia kampuni ya MTD. Mashine mbili zenye jina lilelile zikawa na uzao tofauti na vipuri tofauti. Wheel Horse ilinunuliwa na Toro mwaka 1986. Craftsman lilikuwa jina la duka la Sears, ambalo halikuunda mashine lenyewe. Tarakimu tatu zinazotangulia nukta kwenye nambari ya modeli ya Craftsman ndizo zinazomtaja aliyeiunda: 247 ni MTD, 502 ni Murray, na 917 ni ukoo wa kiwanda ambacho hatimaye kiliangukia mikononi mwa Husqvarna. Mwenye Craftsman ya 917 anayetafuta spea kwa jina la Craftsman peke yake anazunguka njia ndefu bila sababu.

Baada ya hapo, pima. Hesabu visu, pima urefu wa kila kimoja kutoka ncha hadi ncha, na angalia umbo la tundu la katikati: la duara, la nyota yenye ncha tano, au ya ncha sita. Pima upana wa deki, yaani lile bati kubwa linalofunika visu. Tazama kama shafti ya injini inashuka wima au imelala. Mwisho, lala chini usome kibati cha gia, kwa sababu gia mara nyingi ina nambari yake na mtengenezaji wake. Ukiwa na vipimo hivyo na picha nne nzuri, mtu anayezijua mashine hizi atakutajia modeli au atakupunguzia orodha ibaki mbili tatu.

Nambari za injini zinasomwaje?

Hapa ndipo penye utamu, kwa sababu injini nyingi hubeba tarehe yake ya kuzaliwa.

Kwenye Briggs & Stratton, tafuta nambari zilizogongwa kwenye bati la kipozeo linalofunika flaiwili (gurudumu zito linalozunguka na injini), au kwenye kifuniko cha valvu kwa zile mpya zaidi. Utaona maneno matatu: Model, Type, Code. Code ndiyo tarehe. Ikisomeka 92051411, basi 92 ni mwaka 1992, 05 ni mwezi wa tano, 14 ni siku, na zinazobaki ni za kiwanda na mstari wa uundaji. Model nayo inazungumza: tarakimu za mwanzo ni ujazo wa silinda kwa inchi za ujazo. Injini ya 286707 ina inchi 28, takriban sentimita za ujazo 459, na ile 7 ya mwisho inasema ilitoka na stata ya umeme yenye kuchaji betri. Type usiiache. Injini mbili zenye Model moja zinaweza kuwa na kabureta tofauti kwa sababu Type zao zinatofautiana.

Tecumseh iliacha kutengeneza injini mwishoni mwa 2008, lakini zake bado ziko nyingi. Herufi V mwanzoni ni shafti wima, H ni shafti iliyolala. Kwenye nambari ya tarehe, tarakimu ya kwanza ni ya mwisho ya mwaka, na tatu zinazofuata ni siku ya mwaka huo. 5107 ni siku ya 107, yaani Aprili 17, ya mwaka unaoishia na tano. Muongo utautambua kwa dalili nyingine. Mojawapo ni lebo ya udhibiti wa moshi: injini ndogo za soko la Marekani zilianza kuwekewa lebo hiyo kitaifa kuanzia modeli za mwaka 1997.

Kwa Kohler, nambari ya kuagizia spea ni ile iliyoandikwa Spec. Zile za chuma cha kuyeyushwa za familia ya K hutambulika kwa jina tu: K241 ni nguvu farasi 10, K301 ni 12, K321 ni 14 na K341 ni 16.

Tarehe ya injini haifanani na ya mashine. Kuna tatizo?

Ikitangulia miezi michache, hakuna; injini zilikaa stoo kabla ya kufungwa. Ikizidi umri wa mashine kwa miaka mingi, au ikiwa changa kuliko fremu, injini ilibadilishwa. Si aibu, ila kuanzia hapo agiza spea za injini kwa nambari ya injini, na spea za mwili kwa nambari ya mwili. Usizichanganye.

Nitajuaje kama valvu zake ziko ubavuni au juu?

Tazama kichwa cha silinda. Kikiwa bapa, chenye mapezi ya kupozea na bolti zimekizunguka, valvu ziko ubavuni mwa silinda. Ukiona kofia ya bati au plastiki iliyofungwa juu ya kichwa, mara nyingi ikiwa na herufi OHV, valvu ziko juu. Jambo hili utalihitaji kwenye swali la stata.

Kabla sijagusa chochote, nilinde nini?

Vidole vyako kwanza. Chomoa waya wa plagi na uusogeze mbali kabla ya kuingiza mkono chini ya deki, kila mara, hata kama ufunguo uko mfukoni. Ukigeuza kisu kwa mkono unaweza kuizungusha injini, na injini ya moto inaweza kuitikia. Ncha ya kisu ikiwa kazini inaweza kuzidi kilomita 300 kwa saa, na jiwe linalotoka pale hulingana na mwendo huo.

Ukiinua mashine kwa jeki, weka stendi chini yake. Jeki peke yake usiiamini. Kwenye betri, anza kutoa waya wa hasi, na wakati wa kurudisha uwe wa mwisho. Usiwashe injini ndani ya chumba kilichofungwa. Usijaze petroli injini ikiwa ya moto.

Kwenye mteremko, endesha kupanda na kushuka, usikate kwa kuambaa ubavu wa kilima kama unavyofanya na mashine ya kusukuma. Zaidi ya nyuzi 15 usipande kabisa. Na mtoto asibebwe pajani, hata kwa mzunguko mmoja. Nalisema hili kwa uzito wote: mtoto huyo akizoea kwamba mashine ni mahali pa kukaa, siku nyingine ataikimbilia kwa nyuma wakati wewe unarudi kinyumenyume.

Imekaa miaka bila kuwashwa. Naweza kuijaribu tu?

Subiri. Saa moja ya uvumilivu hapa inaokoa injini.

Fungua bati la kipozeo kwanza. Panya hupenda sana pale, na kiota chao huziba mapezi ya silinda hadi injini inajipika yenyewe bila wewe kuona kitu. Nilifungua moja iliyokuwa imejaa nyasi kavu na pamba ya kiti hadi juu, na waya wa koili, kifaa kinachozalisha cheche, umetafunwa ukabaki shaba tupu. Toa vyote, brashi mapezi, rudisha bati. Injini hizi hupozwa kwa hewa, na bati hilo ndilo linaloielekeza hewa.

Toa plagi. Dondoshea kijiko kimoja cha oili ya injini ndani ya silinda, kiache usiku mmoja, kisha zungusha injini kwa mkono kwa kushika kichujio kinachozunguka juu ya flaiwili, mwelekeo wa saa. Ikikataa, usiilazimishe kwa stata. Ongeza oili ya kupenya, upe siku mbili tatu. Ikizunguka kwa ulaini, umepata mashine.

Kisha mwaga petroli yote ya zamani, badilisha mpira wa petroli na filta yake, mwaga oili uweke mpya. Petroli iliyokaa zaidi ya siku thelathini bila dawa ya kuihifadhi imeshaanza kuharibika. Iliyokaa miaka inanuka kama vanishi na inafanya kazi ya vanishi ndani ya kabureta.

Oili gani, kiasi gani, na nibadilishe lini?

Kwa injini hizi za kupozwa kwa hewa, SAE 30 inafaa joto likizidi nyuzi 4 za Selsiasi. Za namba mbili kama 10W-30 zinafaa baridi, ila kwenye joto injini kongwe huzinywa zaidi. Injini ya silinda moja huchukua takriban lita moja na nusu, lakini mimina kidogo kidogo ukipima kwa kijiti. Kujaza kupita kiasi ni kosa kama kupunguza. Badilisha kila saa 50 za kazi au mara moja kwa mwaka, chochote kitakachotangulia. Isiyo na filta ya oili ibadilishwe kila saa 25. Imwage ikiwa ya vuguvugu, uchafu utoke nayo.

Nusa kijiti kila unapopima. Oili inayonuka petroli na iliyopanda kuliko ulivyoiacha ina maana sindano ya kabureta haifungi, na petroli inateremka hadi kwenye oili. Usiiwashe hivyo. Rekebisha kabureta, badilisha oili, na weka koki ya kufungia petroli kwenye mpira uwe unaifunga kila ukimaliza kazi. Koki hiyo ni kitu kidogo sana, na ningeiweka kwenye kila mashine kongwe.

Nikigeuza ufunguo stata inalia "tik" tu, au inasukuma nusu na kukwama. Ni betri?

Pengine. Pima. Betri ya volti 12 iliyojaa inasoma 12.6 ikiwa imetulia. Mtu apige stata wewe ukitazama mita: ikiporomoka chini ya 9.5, betri haina nguvu hata kama taa zinawaka. Ikibaki juu na stata haigeuki, umeme hauvuki. Hapo fuata waya mmoja mmoja: kichwa cha betri, waya wa hasi unapofungwa kwenye fremu, nati za solenoidi (swichi inayopeleka umeme kwenye stata). Waya wa hasi kwenye fremu yenye kutu na rangi ndio mkosaji ninayemkuta mara nyingi kuliko solenoidi zote. Kwangua hadi chuma king'ae, funga upya.

Lakini kuna ugonjwa mmoja unaowapotezea watu betri nzima nzima. Injini ya valvu za juu inasukuma nusu mzunguko, inafika mahali inagoma, kisha inavuka kwa shida, ingawa betri ni mpya. Injini hizi zina kidude kwenye kamshafti (shafti inayofungua valvu) kinachoinua valvu kidogo wakati wa kuwasha ili mgandamizo upungue. Nafasi ya valvu ikipanuka kwa uchakavu, kule kuinua kunapotea, na stata inapambana na mgandamizo wote. Dawa si stata, ni fila geji, vile vibati vyembamba vya kupimia nafasi. Kwenye Briggs nyingi za silinda moja za OHV, valvu ya kuingiza huwekwa milimita 0.08 hadi 0.13, ya kutolea 0.13 hadi 0.18, injini ikiwa baridi. Thibitisha kwa kitabu cha Model yako. Unaposeti, pistoni iwe imefika juu kwenye mgandamizo kisha imeshuka kama milimita 6, ili kile kidude kisikudanganye. Kazi ya nusu saa.

Ikiwa injini imegoma ghafla kabisa baada ya kukaa, toa plagi kwanza utazame: silinda inaweza kuwa imejaa petroli. Ukiendelea kuipiga stata hivyo, unaweza kupinda konrodi, mkono unaounganisha pistoni na shafti.

Ikishawaka, pima tena kwenye betri. Kati ya 13.5 na 14.5, inachaji. Ikibaki 12 na kitu, kagua fyuzi na waya wa kuchaji kabla ya kulaumu betri.

Stata inazungusha vizuri lakini injini haiwaki.

Toa plagi, ivike waya wake, igandamize kwenye chuma cha injini mbali na tundu lake, piga stata. Cheche ya buluu inayosikika ni nzuri. Hakuna cheche hata kwa plagi mpya yenye nafasi ya milimita 0.76? Usinunue koili bado. Chomoa ule waya mwembamba wa kuzimia unaoingia kwenye koili, jaribu tena. Cheche ikirudi, koili ni nzima na tatizo liko kwenye ufunguo, swichi za usalama au waya uliochubuka. Jaribu hili tu, kisha urudishe, maana bila waya huo injini haizimiki kwa ufunguo.

Cheche isiporudi, kwenye Briggs za kabla ya 1982 tafuta platini (swichi ndogo inayokata umeme ili cheche itoke) na kondensa yake chini ya flaiwili. Platini hufunguka milimita 0.5 na zinataka kusafishwa. Baadaye zikaja koili za elektroniki zisizo na platini. Nafasi kati ya koili na sumaku za flaiwili kwa injini nyingi ni milimita 0.25 hadi 0.36, unene wa kadi ya jina. Weka kadi, acha sumaku ivute koili, kaza, vuta kadi.

Cheche ipo? Nyunyiza petroli kidogo sana mdomoni mwa kabureta. Ikiwaka sekunde mbili na kuzima, petroli haifiki. Fungua bakuli la kabureta. Kabureta iliyokaa utaitambua kabla hujaigusa: utando wa rangi ya chai sakafuni mwa bakuli, na chini yake chembe za kijani au nyeupe. Kwenye kabureta nyingi, ile bolti inayoshika bakuli ndiyo jeti yenyewe. Ina kitundu ubavuni chembamba kama unywele. Ielekeze kwenye mwanga. Usipoona nuru, ndipo palipoziba. Chomoa uzi mmoja wa shaba kutoka kwenye waya wa umeme, upitishe, kisha upepo wa kompresa. Usitumie sindano ya chuma, utakitanua, na kitundu kilichotanuka hakirudi.

Inawaka vizuri, inafanya kazi dakika ishirini, kisha inazima yenyewe. Ikipoa inawaka tena.

Hili lilinitesa msimu mzima. Nilifungua kabureta mara tatu, nikabadilisha filta, nikaanza kuiandama koili. Siku moja ikazima, nikafungua kifuniko cha tangi nione kama petroli imekwisha, nikasikia "fyuu", hewa inavutwa ndani. Ikawaka hapo hapo. Kile kitundu kidogo kwenye kifuniko kilikuwa kimezibwa na vumbi na mafuta. Petroli ilikuwa inatoka tangini bila hewa ya kuchukua nafasi yake, hadi mvutano unaishinda.

Kwa hiyo anza na kifuniko. Ikizima, kilegeze na uwashe. Ikikubali, umemaliza. Isipokubali, pima cheche papo hapo ikiwa bado ya moto, maana koili inayokufa hupoteza cheche kwenye joto na kuirudisha ikipoa.

Moshi wake unaniambia nini?

Mweusi: petroli nyingi, choki imekwama au filta ya hewa imeziba. Wa buluu au mweupe mzito: inaunguza oili, angalia kwanza kama umeijaza kupita kiasi na kama valvu inayopumulia sehemu ya chini ya injini yenye oili ni nzima, kabla ya kuhukumu ringi za pistoni.

Mbona inalipuka "pwaa!" ninapozima?

Petroli inaendelea kuvutwa injini ikiwa inasimama. Teremsha mwendo kwanza, usubiri sekunde kadhaa, ndipo uzime. Kabureta nyingi zina solenoidi chini ya bakuli ya kukata petroli. Ukigeuza ufunguo bila kuwasha unapaswa kusikia ikigonga. Kama iko kimya, haina umeme au imekufa.

Inaacha mistari na kukata upande mmoja chini zaidi.

Anza na upepo wa tairi. Watu hupima deki kwa rula wakati tairi moja imelala. Weka kiasi kilichoandikwa kitabuni, sawa kushoto na kulia, mashine ikiwa mahali bapa. Kisha geuza visu vielekee kushoto na kulia, pima kila ncha hadi sakafuni. Pande zote zilingane. Vigeuze vielekee mbele na nyuma: ncha ya mbele iwe chini kuliko ya nyuma kwa milimita 3 hadi 6. Ikiwa ya nyuma ndiyo iko chini, kila kisu kinakata nyasi mara mbili na injini inachoka bure.

Kunoa, fuata pembe iliyopo kwa tupa; si lazima kiwe wembe. Kisha kitundike kwa tundu la katikati kwenye msumari ukutani. Upande unaoshuka ni mzito, upunguze kidogo. Kisu kisicho na mizani huua polepole beringi za spindeli, yaani shafti inayoshika kisu. Na kile kibawa kilichoinuka mwishoni mwa kisu kikishakuwa chembamba kama bati la kopo, usinoe tena. Tupa.

Mikanda yoyote ya ukubwa huo itafaa?

Hapana, na hapa ndipo pesa nyingi hupotea. Mkanda wa visu unashikwa na kuachiwa kwa kulegezwa, mara nyingi unapinda kwa mgongo kwenye puli bapa. Iliyotengenezwa kwa kazi hiyo ina nyuzi za aramidi ndani. Mkanda wa kawaida huteleza, hunuka, hukatika. Nambari ya zamani ikisomeka kama 4L850, 4L ni upana wa nusu inchi na 850 ni urefu wa inchi 85.0 kwa nje. Kabla ya kuutoa, chora njia yake au piga picha. Mkanda mpya ukikatika mapema, zungusha kila puli kwa mkono, mojawapo inakwaruza.

Swichi ya kiti inanisumbua. Niiunganishe moja kwa moja?

Usifanye. Swichi hiyo ndiyo inayozima visu ukianguka. Mara nyingi imeingia kutu tu au plagi yake imelegea. Isafishe, na ikishindikana ibadilishe. Ukinunua mashine kongwe, kagua kama aliyetangulia aliiunganisha kwa kipande cha waya, uirudishe swichi mahali pake.

Inakwenda kwa unyonge, hasa ikipanda.

Mkanda wa mwendo kwanza, na springi yake. Kama gia ni ya haidroliki, safisha feni na mapezi yaliyo juu yake, kwa kuwa joto ndilo linaloiondolea nguvu, na hakikisha lile fimbo la kuiachia isukumwe kwa mkono limerudi mahali pake. Usiivute mashine ya namna hii bila kuliachia.

Spea za modeli yangu hazitengenezwi tena.

Za kiwanda chake labda. Lakini beringi haijui iko kwenye mashine gani. Soma nambari ubavuni mwake: 6203 ni milimita 17 ndani, 40 nje, unene 12, popote duniani, 6204 ni 20 kwa 47 kwa 14. Sili za oili nazo huuzwa kwa vipimo vitatu hivyo hivyo. Mikanda kwa upana na urefu. Vinavyosumbua kweli ni vya kipekee, kama gia za ndani, vipande vya usukani na kabureta za Tecumseh, na hapo mashine mbovu ya modeli yako ni hazina kuliko spea mpya ya kubahatisha.

Nikiihifadhi kwa miezi kadhaa?

Ama ujaze petroli mpya yenye dawa ya kuhifadhi na uiwashe dakika chache ifike kwenye kabureta, ama uikaushe kabisa hadi izime yenyewe. Kwangua majani chini ya deki, maana nyasi mbichi zilizogandia hula bati. Toa betri, ichaji mara moja kwa mwezi. Ingiza grisi kwenye nipo zote (vichuchu vya kuingizia grisi) za spindeli na magurudumu ya mbele. Isiyo na nipo imefungwa kiwandani, iache.

Ni lini niache kuitengeneza?

Konrodi ikitoboa ukuta wa injini, injini hiyo imekwisha. Shafti iliyopinda, ambayo utaiona puli ikiyumba chini, sinyooshi. Deki iliyooza karibu na viti vya spindeli hairudishwi kwa kuchomelea bati juu ya kutu, kwa sababu pale ndipo nguvu zote za visu zinapokaa. Lakini hata hapo usiipeleke kwenye chuma chakavu ikiwa nzima. Toa stata, koili, kabureta, flaiwili, puli na gia, vifunge kila kimoja na karatasi yenye nambari za Model, Type na Code. Mtu mwenye injini ya Model hiyo hiyo anavitafuta.